Nilihimiza mabadiliko kazini, mwenyewe nikashindwa kubadilika

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Bado sijayaelewa, kwa hiyo msinicheke haraka.

Mimi ni fundi cherehani. Atelier yetu, yaani karakana ya kushonea, iko Kampemba, tunashona salopette, zile ovaroli za watu wa migodini. Kila fundi alikuwa anashona yake nzima, kuanzia kola mpaka miguu.

Basi patronne wetu, mama mwenye atelier, akasema tubadilike. Mmoja ashone mifuko tu, mwingine zipu tu, kazi iende mbio. Na angechagua chef wa kutusimamia.

Wakuu, wa kwanza kupiga makofi nilikuwa mimi! Na hiyo nafasi ya chef niliitaka, sifichi.

Mama Béatrice, fundi aliyetuzidi wote umri, alikataa katakata. Nikamfuata mpaka kwake Ruashi kumbembeleza. Akaniambia, "Sawa, mutoto yangu. Nitajaribu, lakini roho yangu haiko mule."

Kazi ikaanza. Nikapewa mifuko.

Mfuko, mfuko, mfuko. Kufika mchana machozi yalikuwa karibu, kweli tena! Mtu mzima mimi.

Wiki iliyofuata nikajikuta pembeni nashona salopette nzima. Sikupanga, naapa. Patronne akanikuta.

"Si weye ulisukuma bantu bote? Sasa uko na sisi ao hauko?"

Akilini nilikuwa nao kabisa.

Na Mama Béatrice? Anashona zipu huku anaimba. Eti mugongo haiumi tena. U-chef akapewa yeye.

Niliposikia, wivu ulinishika. Halafu papo hapo nikapumua, kama mtu aliyetua mzigo. Vyote viwili kwa pamoja. Jamani, hii ni nini?

Nilichojifunza, kama ni somo: unaweza kuyataka mabadiliko kwa dhati na bado usiwe tayari. Na hutajua mpaka kazi ianze.

Jana Mama Béatrice kaniuliza taratibu, nabaki au natafuta atelier nyingine? Anataka kujua kabla hajampa mtu mwingine kiti changu.

Nikajibu, "Nabaki, mama." Haraka, tena kwa furaha.

Tangu hapo najiuliza kama nilisema kweli, na sina wa kumuuliza. Wewe uliyewahi kubadilishiwa kazi, ulijuaje kwamba ndiyo yako ni ndiyo? Niambie, hata kwa kunisema.