Kurasa Nne Kuhusu Msichana Mmoja

Asubuhi ile nilitoka mjini Baraka bila kujua naenda wapi. Nilishika barabara ya Lweba kwa sababu huko sikuwa nimewahi kulala, basi. Mvua ikanikuta njiani, nikakimbilia shule moja ya msingi na kujibanza chini ya bati la darasa la tano. Madirisha hayakuwa na mbao. Mimi niliachia shule darasa la nne, na mpaka leo siwezi kupita darasa bila kuchungulia.

Msichana mmoja aliingia amelowa, wenzake wote wamekwisha kukaa. Katika benchi lake ilibaki nafasi ya katikati. Hakuikalia. Akamsukuma yule wa pembeni.

"Sogea!"

"Kaa kwako, mbuzi ya Lweba!"

Msichana akampiga ngumi ya bega. Mwalimu hakuuliza kitu. Alifungua daftari la mwenendo, akaandika, akamtoa nje apige magoti kwenye changarawe, mvua ikimnyeshea.

"Kila siku ni hivi?" nilimuuliza mwalimu alipofika mlangoni.

"Kila siku, mama. Huyu mutoto iko kichwa nguvu. Ona." Akanionyesha kurasa nne: amesukuma, amepiga, amekataa kukaa. Mwandiko mzuri sana. "Leo direkta anamufukuza."

Mvua ilipokatika watoto walitoka kucheza. Niliingia, nikakaa pale katikati. Niliruka kama nimeumwa na siafu. Msumari ulikuwa umetokeza kichwa, nao umeshika nyuzi za buluu, buluu ya sketi za shule. Kurasa nne zile, na hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeinama kutazama ubao!

Nikamfuata msichana kwenye changarawe. Sketi yake nyuma ilikuwa imeshonwa mara tatu, kwa uzi mweusi.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema siku ya kwanza. Mwalimu akasema nikae, nisilete hadithi."

Damu ilinichemka. Nikaingia ofisini kwa direkta, mkuu wa shule, bila kubisha, nikamwambia aje akae kwenye benchi lile, dakika moja tu.

"Madame, we ni inspectrice, umekuja kukagua shule?"

"Hapana. Mi ni mupita njia."

"Basi, pita."

Watoto waliojazana mlangoni walicheka mpaka wakashikana. Nikaokota jiwe, nikarudi darasani kuupiga ule msumari. Ulizama, lakini ubao ukapasuka, na sasa direkta akaja mbio, yeye ambaye dakika moja ilimshinda.

"Unaharibu benchi ya shule!"

"Na sketi ya mutoto nani ameharibu?"

Alisema barua ya kumfukuza amekwisha kuitia sahihi. Mimi si mzazi, hana neno nami. Mzazi aje kesho asubuhi. Asipokuja, mtoto asionekane tena.

Tulitembea mpaka Lweba, msichana mbele, mimi nyuma nikitukana peke yangu. Bibi yake alikuwa mlangoni anaanika ndakala, vile vidagaa vya ziwani. Alipoona mjukuu amerudi mapema na mgeni, akaokota fimbo.

"Umepigana tena?"

Nikasimama katikati yao, nikaeleza yote, nikamgeuza msichana mgongo. Bibi alipitisha vidole kwenye ule uzi mweusi. Ndiye aliyeshona. Na kila aliposhona, alimchapa kwa kuchana nguo.

Sikuwa na huruma naye. Nilikuwa na hasira ya kuwatosha wote: mwalimu, direkta, na yeye pia. Bibi akaitupa fimbo juu ya paa.

"Kesho utasema na mi mbele ya direkta?"

"Nitasema."

"Mi sijui kusoma. Batanicheka."

"Mi nimeisha kuchekwa leo. Bacheke tena."

Alinitazama miguu yenye matope, akatazama mfuko wangu.

"We unalala wapi?"

"Sijui bado."

"Sasa unajua," akasema, akamtuma msichana ndani akanitolee mkeka.