Maji ya Bwawa la Kwanza

Laiti ningemkatalia mdogo wangu asubuhi ile alipokuja kuniomba nimfungulie maji ya bwawa la kwanza.

Nilikuwa msimamizi wa mabwawa ya majitaka, nje kidogo ya mji wa Same. Magari ya kunyonya vyoo yalimwaga kwenye bwawa la kwanza. Kutoka hapo maji yalipita polepole hadi la pili, kisha la tatu, jua likiua vijidudu. Ya bwawa la mwisho tu ndiyo yaliyoruhusiwa kumwagilia, tena miti, si mboga. Nilifundishwa hayo nikayaelewa. Sina kisingizio cha kutojua.

Mwaka ule mvua ilikataa na bwawa la mwisho likabaki tope lililopasuka. Mdogo wangu alikuwa na nyanya chini ya mabwawa. Mimi ndiye niliyemshawishi ashuke kutoka Vudee, kijijini kwetu milimani, nikimwambia huku kuna ardhi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Najua kilichokuleta. Maji haya hayajaiva."

"Yataivia shambani. Jua la Same lote hili halikutoshi?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Nyanya zinakufa, kaka, na wewe umekaa juu ya maji kama kuku anayeatamia. Marehemu baba angekuona!"

Hapo ndipo aliponipata. Sisi tumekulia kwenye ndiva, bwawa la wanakijiji linalokinga maji usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Baba ndiye aliyesimamia zamu za ndiva yetu. Huko milimani, anayefunga maji huku shamba la ndugu likikauka husemwa hata msibani. Nikasimama kando ya kinyesi cha mji mzima, nikaona aibu kana kwamba nimekalia ndiva ya baba. Kulikuwa na lango dogo la pembeni, la kutolea tope wakati wa usafi. Nikalifungua.

Nilimwambia aoshe nyanya vizuri. Basi. Sikumwambia kwa nini, maana ningemwambia ningelazimika kufunga.

Nyanya zilistawi hata wapita njia wakazisifu. Siku moja shemeji, mke wake, aliniletea kapu la nyanya kazini.

"Shemeji, onja matunda ya maji yako."

Nikalipokea kwa mikono miwili, nikashukuru sana. Alipoondoka nilichimba shimo nyuma ya kibanda nikazifukia zote. Nilirudi kukaa, nikawatazama kwa mbali wakichuma. Mdogo wangu alifuta moja kwenye shati, akaing'ata palepale.

Alipopata homa alidhani ni malaria, akanunua vidonge dukani. Nilimtembelea nikaona tumbo limejaa. Nilijua la kusema: nenda hospitali, waambie umekula mboga za majitaka. Nikasema, "Pumzika, utapona." Niliogopa kibarua changu. Walipomfikisha hospitali utumbo ulikuwa umeshatoboka. Daktari alisema homa ya matumbo. Hakusema imetoka wapi, wala sikumuuliza.

Tulimzika Vudee, kwenye ukungu. Baada ya mazishi shemeji alinifuata pale nilipokaa na wanaume.

"Zile nyanya nilizokuletea, ulikula?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimeshadanganya kwa kunyamaza, moja zaidi isingenishinda. Lakini alikuwa akinitazama usoni, na nadhani jibu alikuwa nalo tayari.

"Hapana, shemeji."

Hakulia wala hakupiga kelele. Aliwageukia watoto wake, akawaambia mbele ya watu wote, "Huyu alijua." Mzee mmoja akaanza kusema tuvumiliane, hakuna aliyemsikiliza.

Nilifukuzwa kazi baadaye, kwa jambo lingine kabisa, na sikuumia.

Lango lile lilimuua mdogo wangu wa pekee. Watoto wake wamekuwa watu wazima, tunapishana sokoni na hawaniamkii. Vudee, nilikozaliwa, hakuna nyumba inayonikaribisha.