Sauti Juu ya Meza

Mwalimu wetu wa kusoma pale Temeke alikuwa mama wa makamo kutoka Kusini. Alipoanza kuugua kifua, mwalimu kijana wa darasa la jirani alileta mashine ya kunasa sauti, inayotumia betri kubwa kama ya lori. Enzi hizo za Mwingereza hatukuwa tumewahi kuona kitu kama hicho. Kijana aliipenda mno. Akamwomba mama anaswe sauti akifundisha, ili siku asizoweza kuja tusikose somo.

Mama akafariki. Tulimzika Ijumaa. Jumatatu tukaikuta mashine juu ya meza yake.

"Hamjambo, watoto?" sauti yake ikauliza.

Tukasimama wote. "Hatujambo! Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Ketini."

Tukaketi. Kijana alikuwa ameandika maneno ubaoni, akarudi darasani kwake akitabasamu. Sauti ilisema, "Neno la kwanza, someni," ikanyamaza, tukasoma. "Vizuri sana," ikasema. Katikati ikakohoa.

"Pole, mwalimu," tukasema.

"Asante, mwanangu."

Bila shaka siku ya kunasa alikuwa akimjibu kijana yule. Sie tulijua anatujibu sisi.

Wiki zikapita hivyo, maneno yale yale ubaoni kila siku. Asubuhi moja kijana aliwasha mashine haraka haraka, akatoka bila kuandika kitu.

"Neno la kwanza, someni."

"Kisima!"

"Vizuri sana. Neno la pili."

"Kamba!"

Tuliendelea, macho yote kwenye ubao mtupu. Nilipogeuka, nilimwona kijana mlangoni, chaki mkononi, akitusikiliza.

Akazima mashine. Akaandika neno moja.

"Hili ni neno gani?" akaniuliza mie.

"Kisima."

"Tazama vizuri."

Nilitazama, nikaona mistari tu. "Kisima, mwalimu," nikasema, nikaanza kulia. Alikuwa ameandika kamba.

Hakunichapa. Alivuta kiti, akaketi kando yangu. "Ka," akasema.

"Ka."

Tulianza upya kwa silabi, mtoto mmoja mmoja, karibu muhula mzima.

Mashine hakuitupa. Tulipoweza kusoma, alitaka kunasa sauti zetu ili tusikie wenyewe tunapokosea. Utepe wa mashine ulikuwa mmoja tu, ule ule wenye sauti ya mama, na kunasa upya kungeifuta. Akaniita mie kwanza.

"Mama atakwenda wapi?" nikamuuliza.

Aliweka kidole juu ya kitufe cha kunasa.

"Soma, binti," akasema.

Nikasoma.