Kopo Nyuma ya Tangi

Huyu ni Bendera, gadi wa treni ya abiria, mwana wa mpasua kokoto, mjukuu wa mbeba mataruma. Babu yetu alibeba mataruma ya reli hadi bega moja likashuka lisirudi. Baba yetu alipasua mawe ya kutandika chini yake. Bendera, aliyenifuata ziwa, alipanda behewa la mwisho na bendera ya kijani mkononi, na treni nzima, pamoja na dereva wake mwenye maringo, haikuthubutu kuondoka mpaka yeye aipunge. Akimwona mama anahangaika na mizigo kwenye jukwaa, bendera haipandi. Hakuwahi kumwacha abiria. Hilo nalisema kifua mbele.

Reli ikaja kung'olewa. Wakubwa wa mji wakamwaga udongo mwekundu juu ya kokoto za baba yetu, wakashindilia, ikawa njia ya kukimbilia kando ya mto. Ni njia laini kuliko zote, maana treni haipendi mlima; ilipopita treni hakuna cha kupanda wala kushuka. Daktari alipomwambia Bendera kwamba sukari imepanda na vidonge peke yake havitatosha, akamtaka apige mchakamchaka mwepesi kila asubuhi. Bendera akacheka. Ile njia, alisema, yeye anaijua hata akifungwa kitambaa machoni.

Siku ya kwanza pumzi zilimwishia kwenye tangi kuukuu la maji, lile lililokuwa likinywesha treni za mvuke. Amesimama hapo ameshika kiuno, mama mmoja akampita akisukuma kigari cha mtoto, akakimbia zake huku akimwamkia shikamoo. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala. Haya Bendera alinieleza baadaye sana, akitazama vidole vyake vya miguu.

Sisi nyumbani tulichokiona ni mwanamume anarudi kila asubuhi shati limelowa, anapiga mluzi. Anasema amefika darajani, amegusa nguzo ya chuma, amegeuza. Wifi yangu, mkewe, alilipokea shati na kulifua bila neno. Mimi ndiye niliyempigia debe. Sokoni, kwenye foleni ya maji, kwa fundi cherehani wetu, kote nilisema: kaka mtu mzima yule, na bado miguu ni ya chuma.

Fundi cherehani ni mama mnene, na mwaka mzima amekaa kitini. Naye daktari alikuwa amemtisha kwa sukari. Akawakusanya majirani, wakaja uani kumwomba Bendera awaongoze mpaka darajani. Alitazama vidole vyake vya miguu. Nikamjibia mimi kwamba atawaongoza, tena kwa furaha.

Asubuhi iliyofuata alitangulia mbele, bendera yake ya kijani mkononi. Kila pumzi zilipomkaba alisimama akisingizia kuwangoja wenzake. Tulipokaribia tangi kundi likachanganya miguu, naye akaona haya kubaki, akaenda nalo. Mimi na fundi tukabaki. Yeye magoti yalimgomea, mimi nina fimbo yangu. Nilikuwa bado namsimulia sifa za mdogo wangu tulipozunguka tangi kutafuta kivuli.

Nyuma ya tangi palikuwa na gunia limetandikwa vizuri, limebonyea alama ya makalio. Pembeni kulikuwa na kopo la bluu lenye mpini uliofungwa waya. Waya ule niliufunga mimi. Kopo lile nimelitafuta jikoni mpaka nikamsingizia paka wa jirani. Ndani mlikuwa na tope kidogo la mto.

Fundi alitazama kopo, akatazama mto, akanitazama mimi. Hakucheka, na afadhali angecheka. Aliokota kijiti akaanza kuchora chini. Nami mdomo wangu, uliokuwa haujatulia tangu nyumbani, sikujua niuweke wapi.

Huko darajani, wifi alinisimulia, walikuta uzio wa mbao na mpaka rangi mmoja juu ya ngazi. Jirani akamwomba awafungulie, maana mzee wao hugusa nguzo ile kila siku. Mpaka rangi akauliza kwa upole ni mzee gani, kwani sakafu ya daraja ilitolewa tangu mvua zilipoanza na hajapita hapo hata paka. Wote wakamgeukia Bendera. Wifi yeye aliinamia kamba za viatu vyake, na hapo Bendera akajua kwamba mkewe alikuwa anajua. Shati la jasho likikauka huacha chumvi. Lake lilikuwa likiacha tope la mto.

Bendera alipitisha macho kwenye vichwa vya watu kama alivyozoea jukwaani, akauliza, "Fundi yuko wapi?" Hakuna aliyejua. Basi akageuka peke yake, akakimbia kurudi.

Tulimsikia kabla ya kumwona, anahema kama mvukuto. Shati lilikuwa limelowa, na safari hii lilinuka jasho. Alipotuona, kisha akaona kopo miguuni pangu, mkono wenye bendera ulishuka.

"Nimekuacha, mama," alimwambia fundi. "Mimi. Nimekuacha njiani."

"Nimeshindwa kufika, baba. Wenzangu wote wamefika."

"Hata mimi huwa naishia hapa. Uliza hilo gunia na hilo kopo."

Akakaa chini, si juu ya gunia. Fundi alilivuta gunia, akalikalia yeye, akasema kwamba angalau lilikuwa limelainishwa. Tukacheka kidogo, cheko la kukwepana macho. Wenzetu walipotufikia hakuna aliyetaja daraja.

Jioni alikwenda kwa fundi, mimi nyuma yake. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Bendera ya kijani aliiweka juu ya cherehani, akasema akitazama kizingiti:

"Kesho utakaa mbele wewe, mama. Mwendo wako ndio utakuwa mwendo wa wote. Asikupite mtu."

Fundi akauliza, na yeye je.

"Behewa la mwisho," alisema. "Na ukifika kwenye tangi usinisubiri. Mimi nitakuwa nyuma, nakuja."