Kiti cha Nyuma cha Gari la Ukaguzi

Ofisi yetu iko katikati ya jiji, juu kidogo ya kelele za River Road lakini si juu ya harufu ya chipsi zake. Kazi yetu ni kuwatafutia mawakili washtakiwa maskini wa kaunti za mashambani, kisha kuhakikisha kwamba mawakili hao wanafanya kazi. Mimi nilikuwa upande wa kuhakikisha. Upande huo ndio uliokuwa na gari.

Wageni nikiwaeleza haya hudhani natania. Wafadhili wetu walipenda sana ukaguzi. Walitupa gari jeupe, dereva, mafuta na hata maji ya chupa, ili twende tukaone kama wakili yuko mahakamani. Wakili mwenyewe hakupewa nauli. Ilichukuliwa kwamba wakili wa kaunti anaishi kwenye kaunti. Wakili wetu wa kaunti moja aliishi Kawangware, hapa hapa jijini, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja River Road, juu ya duka la misumari, kwa kuwa mawakili wa kule walikuwa wachache na hakuna aliyetaka malipo yetu.

Mwaka mmoja, kwenye kaunti hiyo, kulikuwa na mjane aliyeshtakiwa kwa kuchoma ghala la shemeji yake. Alikuwa rumande na mtoto mchanga, na hakimu alikuwa ameahirisha kesi mara nyingi akimsubiri wakili. Mwishowe hakimu akachoka, akasema kesi itasikilizwa, wakili awepo asiwepo. Yaani mjane angesimama kizimbani na mtoto mgongoni, awahoji mashahidi yeye mwenyewe, na shemeji alikuwa na ukoo mzima wa mashahidi.

Nilikasirika, na mimi nikikasirika husoma kanuni. Kanuni zilisema gari ni la wakaguzi na vifaa vya ukaguzi tu. Nikamwambia bosi wangu kwamba siwezi kumkagua wakili ambaye hayupo. Akafikiri kidogo, akasema hilo lina mantiki. Ndivyo wakili alivyoingia kwenye fomu ya safari kama kifaa cha ukaguzi, kati ya kamera na tairi la akiba, akakaa kiti cha nyuma na joho lake mapajani.

Kortini alifanya kazi safi. Hakupaza sauti hata mara moja. Alimuuliza shemeji ni nani anayelima shamba la mjane sasa mwenyewe akiwa ndani. Shemeji akakohoa, kisha akasema ni yeye. Hakimu akaandika, akasogeza kesi hadi mwezi uliofuata ili mashahidi waliobaki wasikilizwe. Mjane alipopita karibu nami akirudishwa rumande, aliniuliza kama yule wakili atarudi. Nikasema atarudi. Sikujua atarudi na nini.

Gari letu lilienda kaunti ile mara moja kila robo mwaka. Kwenda kabla ya hapo kuliruhusiwa kwa sababu moja tu, nayo ni wakili kuonekana ana udhaifu mkubwa unaohitaji kufuatiliwa. Nilimweleza wakili haya tukila samaki njiani kurudi. Akatoa mfupa mdomoni, akaufikiria.

"Andika mimi ni mbaya, madam," akasema.

"Mbaya aje?"

"Andika sijui kuhoji shahidi. Andika pia nilichelewa."

"Utachelewa aje na tulikuja na wewe?"

"Basi sema tu sikujiandaa."

Nikaandika. Niliandika vizuri, maana ndiyo kazi niliyosomea. Yeye aliisoma rasimu, akaongeza kwamba joho lake halikuwa limepigwa pasi, jambo ambalo lilikuwa kweli. Ripoti ikapita, mafuta yakatoka, tukaenda. Mwezi uliofuata tukaenda tena, kwa kuwa udhaifu wake ulikuwa umezidi. Safari hiyo hakimu akasema mjane hana kesi ya kujibu. Alitoka na mtoto mgongoni, akaushika mkono wa wakili kwa mikono yake yote miwili. Mimi nililia nyuma ya gari. Dereva alidhani naangalia tairi.

Kisha ukaja mkutano wa mwaka, kwenye hoteli moja ya Karen yenye nyasi nyingi, wa kuamua mawakili gani waendelee kulipwa. Alama za ripoti zangu ziliwekwa ukutani kwa rangi, kijani kwa wazuri, nyekundu kwa wabaya. Wakili wetu alikuwa wa mwisho. Nikasimama nikasema ukweli wote, kwamba ndiye bora tuliye naye, na kwamba ripoti ziliandikwa hivyo ili gari litoke. Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole. Akasema anaelewa, watu wakisafiri pamoja mara kwa mara huzoeana. Wakili akaachishwa, na fungu lake likaongezwa kwenye ukaguzi, ili udhaifu kama wake ugunduliwe mapema. Halafu tukaitwa kwenye nyama choma. Nilichukia hata kachumbari.

Nilimpigia simu nikiwa bado pale kwenye nyasi. Hakulalamika. Aliuliza tu sasa ni nani ataenda kule. Nikamwambia gari litaenda.

Na kweli lilienda. Mjane alikuwa langoni mwa mahakama, mtoto sasa akisimama kwa kumshika sketi. Alikuwa amemleta mwanamke mwingine, mwenzake wa rumande, aliyekuwa nje kwa dhamana na ambaye kesi yake ilikuwa inasikilizwa asubuhi ile. Mjane alikuwa amemtuliza njia nzima kwamba kuna wakili, huja na gari jeupe, hukaa nyuma. Tuliposhuka alitusalimu vizuri sana. Kisha akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akachungulia ndani. Kwenye kiti palikuwa na kamera.

"Yule mwingine yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia hakuja.

"Na nyinyi mmekuja kufanya nini?"

Mwenzake naye alikuwa ananitazama, akingoja nijibu. Nikamwambia tumekuja kukagua.