Sauti ya Punda

Nilikwenda kuomba sauti ya twiga, nikapewa ya punda.

Ilikuwa Bombolulu, katika chumba cha kupanga kilichosimamishiwa magodoro ukutani ili kelele za barabarani zisiingie. Humo katuni ya wanyama waimbao ilikuwa ikitiwa sauti za Kiswahili. Twiga wanawazuia punda wasinywe kisimani, wanagombana kwa nyimbo, na mwishowe wote wanaimba kwamba wao ni sawa. Mimi nilimtaka twiga mkuu. Ana wimbo mrefu, na sauti ya kuimba ninayo.

Mwelekezi, kijana wa Mji wa Kale, mpole ajabu, alinisikiliza nikisema maneno machache tu.

"Dada yangu, kwa lafudhi hiyo, wewe ni Mdigo?"

"Wa Mtongwe."

"Basi wewe ndiye punda wetu. Sema hivyo hivyo, watu wacheke."

Nilikasirika, lakini hamu ya kujua ilinizidi hasira. Nikamuuliza mbona twiga asiwe Mdigo. Alikuna kichwa, akaikodolea macho skrini.

"Wallahi sijui," akasema. "Twiga... ni mrefu."

Tukacheka sote wawili. Twiga akapewa binti mwenye Kimvita chake safi cha Mji wa Kale. Mimi punda wangu nikamsemesha kama anavyosema nyanya aliyenilea: polepole, salamu kwanza, haja baadaye.

Katuni ilipotoka niliipeleka Mtongwe nikamwonyesha nyanya. Watoto wa jirani waliangua kicheko kila punda alipofungua mdomo. Nyanya hakucheka. Niliona haya, nikatamani kuizima.

"Huyu punda ni wa kwetu?" akauliza.

"Ndiyo, nyanya."

"Na ndiye anyimwaye maji?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akatazama mpaka wimbo wa mwisho, wanyama wote wakinywa pamoja.

"Sasa wamekuwa sawa?"

"Wamekuwa sawa."

"Basi mbona twiga hasemi kama sisi?"

Nikampa jibu lile la mwelekezi: twiga ni mrefu.

Sehemu ya pili ya katuni ilipokuja, niliomba tena sauti ya twiga. Mwelekezi akakubali nijaribu. Nikasimama mbele ya maikrofoni, nikaanza na salamu, polepole, kama nyanya. Yeye akatabasamu, akingoja mahali pa kucheka. Nikaingia kwenye wimbo, na tabasamu lake likafifia kidogo kidogo. Nilipotua kuvuta pumzi, alikuwa ameinamia meza, anasikiliza.

"Endelea, dada," akasema.