Meli Mbili na Unga wa Mama Stella

Niwieni radhi kwa ukimya wangu wa muda mrefu. Leo nimechanganyikiwa.

Binti yetu Stella anatulipia safari ya baharini kwa jubilei ya ndoa yetu. Sisi tuchague meli tu.

Moja ni ya kifahari: abiria wachache, kila chumba na mhudumu wake.
Nyingine ni nafuu kidogo, ina migahawa mingi.

Nilipendelea hiyo nafuu.

Mama Stella akamuuliza binti yetu simuni, "Ipi itapokea unga wangu?"

"Hakuna, mama. Wanapika wenyewe."

"Hata jirani hupika mwenyewe. Je, huwa naenda mikono mitupu? Basi siendi."

Unga wa kijijini kwetu Maposeni umekwisha kufungwa. Sijui tena tunalinganisha nini.

Mama Stella akikubali meli yoyote, nitawaandikia.